Mazoezi ya Saa Tisa

Mwalimu alikutwa amekaa wima kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, amevaa blauzi ya bluu aliyoichagua mwenyewe kwa ajili ya siku ile. Midomo yake ilikuwa imeanza kufanana na blauzi.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Ikifika saa nne, watu zaidi ya elfu mbili walitarajiwa kumwona mtandaoni, mubashara, akiadhimisha miaka thelathini ya shule ya watoto viziwi aliyoianzisha kwenye chumba kimoja cha kuazima.

Inspekta alisimama mlangoni, hakuingia. Kituoni walimwita Bi Subiri, kwa sababu hakuna neno alilolitumia zaidi ya hilo. Sajini wake, mwanamume mnene mwenye magoti mabovu, alikuwa ameshavaa glovu na kufungua daftari.

"Miaka sabini na moja, afande. Mgonjwa wa pumu. Siku zake zimefika. Tuandike kifo cha kawaida, familia wazike."

"Subiri."

Aliingia polepole. Aliinama nyuma ya kiti, akaitazama shingo ya marehemu. Kwenye kisogo palikuwa na mstari mwembamba mwekundu, kama alama ya kamba iliyovutwa kwa nguvu.

Mpwa wa Mwalimu ndiye aliyemkuta. Alikuwa jikoni, bado na sare zake za uuguzi, mikono imezunguka kikombe cha chai iliyopoa zamani.

"Jana uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili, inaisha asubuhi."

"Ulimwacha anafanya nini?"

"Amekaa palepale. Walikuwa wameshamaliza mazoezi."

"Mazoezi gani?"

"Ya shughuli ya leo. Fundi alisema lazima wajaribu kila kitu siku moja kabla. Sauti, mwanga, nani anaanza, nani anafuata. Walianza saa tisa. Mama mkubwa alisoma hotuba yake yote. Karibu yote."

"Karibu?"

"Ukurasa wa mwisho aliuacha. Alisema huo ni wa kesho."

Inspekta aligusa shingo yake mwenyewe. "Alizoea kuvaa nini hapa?"

"Pampu yake ya pumu. Aliifunga kwa uzi, akaitundika kama watu wa ofisini wanavyotundika vitambulisho. Hata akilala. Nilimwambia itakuja kumnyonga, akanicheka." Muuguzi aliinua macho ghafla. "Kwani iko wapi?"

"Hilo ndilo nililotaka kukuuliza."

Waliitafuta saa nzima. Chini ya kiti, chini ya kabati, ndani ya pipa la taka. Chumbani, droo ya kitanda ilikuwa na pampu nyingine, ya akiba, haijafunguliwa. Ile ya shingoni haikuwepo ndani ya nyumba. Na mezani, hotuba iliyoandikwa kwa mkono ilikuwa na kurasa zenye namba chini: moja hadi tano. Ya sita haikuwepo.

Mlango haukuvunjwa. Hakuna kilichopinduliwa.

"Siku zake hazikufika, Sajini," Inspekta alisema. "Zililetwa."

Mchana daktari wa polisi alimpigia simu. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Kilichomuua ni pumu. Shambulio kali. Hakukabwa, hakupigwa."

"Na ile alama?"

"Uzi ulivutwa kwa mbele mpaka ukakatika. Mtu wa hali yake akinyimwa dawa, ana dakika kumi na tano, labda ishirini."

"Saa ngapi?"

"Kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni."

Fundi mitambo alikuwa na ofisi ya chumba kimoja, kuta zote amezibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Tangu asubuhi kazi yake ilikuwa moja tu: kuwajibu watu kwamba shughuli imeahirishwa. Macho yalimvimba.

"Mazoezini mlikuwa wangapi?"

"Wanne. Mwalimu kwake. Mkalimani wa lugha ya alama kwake. Seremala, aliyekuwa azungumze kwa niaba ya wanafunzi wa zamani, kwenye karakana yake. Na mimi hapa."

"Ulirekodi?"

"Narekodi kila mazoezi, afande. Kosa la mazoezini ni rafiki, la mubashara ni adui."

Akaicheza. Kwenye kioo, uso wa Mwalimu ulijaza nafasi kubwa, macho kwenye karatasi. Pembeni, kwenye kidirisha kidogo, mikono ya mkalimani ilipanda na kushuka. Alisoma habari za madawati ya kwanza, za paa lililovuja, za mtoto aliyejifunza kuandika jina lake kwa mkaa. Kwenye ukurasa wa tano sauti yake ilibadilika.

"Miaka ishirini na miwili iliyopita bweni letu liliungua, na mtoto wetu wa miaka tisa alifia ndani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Mlinzi wetu alihukumiwa kwa kuufunga, na mwaka wa nne alikufa gerezani. Mlinzi hakuufunga mlango ule. Yuko mtu aliyeujua ukweli na akanyamaza hadi leo. Kesho nitamtaja."

Aligeuza karatasi, akavua miwani. "Hapo ndipo penyewe. Fundi, sauti inatosha?"

Inspekta aliomba airudie. Akaisikiliza mara tatu, neno kwa neno, akaandika.

"Hukushtuka?"

"Nilishtuka. Lakini nilidhani ni mambo ya hotuba, kuwaweka watu roho juu. Saa kumi nikazima kurekodi, nikakimbilia ukumbi wa harusi. Nilikuwa huko mpaka usiku, uliza maharusi. Ila kuna kitu kimoja. Mwalimu hakutoka kwenye chumba cha mazoezi. Kompyuta yake ilibaki imeunganishwa, kamera iko wazi, hakuna anayemtazama. Asubuhi nimeangalia kumbukumbu. Saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili, kamera yake ilizimwa."

"Yeye mwenyewe?"

"Bi mkubwa yule?" Fundi alicheka, kicheko kikakatikia njiani. "Miezi mitatu namfundisha kuzima kamera. Akitaka faragha alikuwa anaivisha soksi."

Mkalimani alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mpole, nyumba yake imepangwa kama duka la vitabu. Hapakuwa na mkutano, kesi wala msiba wa viziwi ambao hakuitwa. Aliwakaribisha, akampa Inspekta glasi ya maji aliyoiomba, akakaa, akaiweka mikono mapajani.

"Mara ya mwisho kumwona Mwalimu?"

"Jana, mazoezini. Kwenye kioo."

"Na baada ya mazoezi?"

"Nilimpigia simu kumpongeza. Dakika mbili tu."

"Ulitoka jana jioni?"

"Hapana. Kichwa kiliniuma."

"Nyumbani kwake uliwahi kufika?"

"Mwaka jana, alipougua."

"Mwaka huu?"

"Hata mara moja."

"Ulifanya kazi shuleni kwake?"

"Zamani sana. Nilikuwa mlezi wa bweni, nikiwa msichana. Ndipo nilipojifunza lugha yao."

"Bweni lile lililoungua?"

"Lile lile." Macho yake hayakupepesa. "Tulilia wote, afande."

Nje, Sajini alishika nguzo ya geti kuyapumzisha magoti. "Huyu mama ni malaika. Kesi ya binamu yangu alikalimani bure."

"Malaika nao hutoa alama za vidole. Ile glasi ya maji aliishika kwa mkono wake. Tuma watu waichukue kwa hati ya upekuzi, na wapime kompyuta ya Mwalimu, kitufe kwa kitufe."

Karakana ya seremala ilinuka gundi na mbao mbichi. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mabega mapana, na kovu la moto lililotoka kiwikoni na kupotelea ndani ya shati. Inspekta alionyesha kitambulisho, akatafuta daftari, akakumbuka ameliacha garini. Seremala akamsogezea kipande cha mbao laini chenye misumari ukingoni, na penseli nene ya kazi.

Basi wakahojiana juu ya ubao.

*Umesikia kuhusu Mwalimu?* Inspekta aliandika.

*Nimesikia.*

*Unasikitika?*

Yule mtu alipuliza vumbi la mbao. Kisha akaandika kwa nguvu, penseli ikichimba.

*Jana ningesema amenizaa. Leo sijui. Usiku kucha nimemchukia.*

*Kwa nini?*

*Nilikuwemo bwenini. Nilitoka dirishani. Dada yangu hakutoka.*

Inspekta aliyasoma maneno yale mara mbili. Hakuna aliyemwambia kwamba mtoto wa miaka tisa alikuwa dada wa mtu.

*Mwalimu alikukosea nini?*

*Alikiri jana. Yeye ndiye aliyefunga mlango.*

Inspekta aliinua kichwa. Akaichukua penseli.

*Alisema hivyo? Maneno gani hasa?*

*Mimi sisikii, afande. Namfuata mkalimani.* Aliweka penseli chini, akafanya kwa mikono, taratibu, kidole kikigusa kifua chake mwenyewe. Kisha akaandika alichokifanya: *"Mimi nilifunga mlango. Nilidhani nitarudi upesi."*

Mashine ya randa ilikuwa imezimwa, hata hivyo Inspekta alihisi kama kuna kitu kinavuma. Alifungua mfuko wa koti, akatoa karatasi aliyonakilia maneno ya Mwalimu, akaiweka juu ya ubao. *Hiki ndicho alichokisema. Nimekisikia mara tatu.*

Seremala alisoma. Alirudi mwanzo, akasoma tena, kidole kikifuata mstari. Hakuna mahali palipoandikwa *mimi*. Hakuna mahali palipoandikwa *nitarudi*. Aliketi juu ya rundo la mbao, akafunika uso kwa viganja vyenye vumbi, na mabega yale mapana yakaanza kutikisika.

Walipoondoka, Sajini alikuwa amebeba ubao kwapani. "Miaka kumi na tisa kazini," alinong'ona, "sijawahi kusajili kielelezo chenye misumari."

Inspekta hakucheka. Jioni ile alimwita mkalimani mwingine, asiyemfahamu yeyote kati yao, akamwonyesha rekodi bila sauti. Yule alitafsiri alichokiona kwenye kidirisha kidogo, habari za madawati, za paa, za mkaa. Alipofika ukurasa wa tano alitaja maneno yaleyale ya ubaoni, na Inspekta akamwonyesha aliyoyasema Mwalimu.

"Hapa mikono imemtoroka," alisema. "Hajui hata kama amesema. Hutokea ukichoka. Au ukisikia la kwako."

Asubuhi ya pili majibu ya maabara yalikuwa mezani. Kwenye kitufe cha kuzima kamera palikuwa na alama ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Si ya Mwalimu, si ya mpwa wake.

Mkalimani aliletwa saa tatu asubuhi. Alielezwa haki zake, kwamba anaweza kunyamaza, kwamba anaweza kuita wakili. Alitikisa kichwa. Dirishani mvua ilikuwa ikinyesha bila haraka.

"Uliniambia mwaka huu hujafika kwa Mwalimu."

"Ndiyo."

"Kidole chako kimefika."

Inspekta aliweka picha ya alama mezani. Kisha karatasi mbili, moja juu ya nyingine: alichokisema Mwalimu na kilichosemwa na mikono. Mwanamke yule alisoma ya kwanza haraka, kwa kuwa aliijua. Ya pili aliisoma kama mtu anayesoma barua ya mgeni.

"Nilisema haya?"

"Mbele ya kaka wa yule mtoto aliyefia bwenini."

Alifumba macho. Alipoyafumbua, uso ulikuwa umezeeka.

"Watoto walikuwa wanatoroka usiku kwenda kucheza uani. Nikafunga mlango, nikakimbia dukani barabarani kupiga simu. Mama yangu alikuwa mahututi. Nilidhani nitarudi upesi. Nikaambiwa amekata roho, nikakaa chini pale dukani, sijui muda gani. Niliporudi, moto."

"Na ufunguo?"

"Mlinzi alikuwa anavunja madirisha, anawatoa watoto. Kibanda chake kilikuwa kitupu. Nikautundika humo. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilitaka uwe mbali na mimi, basi. Sikuwaza kwamba watamkuta nao."

"Walipomkuta nao ulisema?"

"Hapana."

"Alipofungwa?"

"Hapana."

"Alipokufa?"

Sajini aliacha kuandika, kisha akaendelea.

"Tuambie ya juzi."

"Niliposikia 'kesho nitamtaja', masikio yaliziba. Nilimpigia. Nikamwuliza, Mwalimu, ni mimi? Akasema, njoo tuzungumze ana kwa ana, si maneno ya simu. Nikamkuta peke yake. Nikamwomba. Nilipiga magoti, afande. Miaka ishirini na miwili nimewatumikia watu wake, usiku na mchana, sikuolewa, sikuzaa, nikijua nalipa. Kesho yake wote wangenitazama kwenye kile kidirisha, na mimi mwenyewe ndiye ningelazimika kulitaja jina langu kwa mikono."

"Yeye alisema nini?"

"Alisema, 'Kaa, nikusomee ukurasa wa mwisho.' Sikutaka kuusikia. Nikapaza sauti. Naye akaanza kukohoa. Akaishika pampu yake, na mimi nikaishika. Nilitaka anisikilize kwanza. Uzi ukakatika."

"Pampu ikabaki kwa nani?"

"Kwangu."

"Ukampa?"

Mwanamke aligeukia mvua dirishani.

"Nataka jibu. Aliomba?"

"Sauti ilikuwa imekwisha. Aliomba kwa mikono."

"Alisema nini?"

"'Dawa, mwanangu. Nipe.'" Alisema hivyo kwa mdomo na kwa vidole pamoja, vidole vikitangulia. "Alirudia. Mara nne, mara tano."

"Nawe ukafanya nini?"

"Nikatazama dirishani."

Inspekta alielewa taratibu. Kwa watu wa lugha ile, kugeuza macho ni sawa na kumfunga mwenzako mdomo.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka kiti kilipoacha kulia. Katikati niliona taa ya kamera inawaka. Nikaizima."

"Alikuwa bado hai?"

"Alikuwa bado hai."

Sajini alisimama, akaenda kusimama karibu na mlango, mgongo umewageukia. Inspekta alisubiri mpaka aliporudi kuketi.

"Pampu iko wapi?"

"Kabatini kwangu, ndani ya kitambaa cha kichwa. Sikuweza kuitupa."

"Na ukurasa wa sita?"

Mwanamke yule alifungua vifungo viwili vya koti. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyolainika kwa joto la mwili, akaisukuma mezani kwa ncha za vidole.

"Niliichukua ili isisomwe. Niliisoma nyumbani."

Inspekta aliikunjua. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyefundisha maisha yake yote, kila herufi wima.

*Jina la mtu huyo ni langu. Mimi ndiye niliyejua. Nilimwona aliyeutundika ufunguo kibandani, nikanyamaza, kwa sababu shule ilikuwa changa na niliogopa itafungwa. Nilimtoa kafara mlinzi wangu. Aliyefunga mlango alikuwa mtoto wa watu, hana hata mwaka kazini, na mimi ndiye niliyempa watoto arobaini awalee peke yake. Sitamtaja. Amelipa zaidi yangu. Mjane wa mlinzi, kama unanitazama, najua radhi yako haiombwi mtandaoni. Nitakuja kwako kwa miguu yangu.*

Hapakuwa na jina jingine, mbele wala nyuma ya karatasi.

"Aliniambia nikae anisomee," mkalimani alisema. "Dakika moja tu, afande. Ningekaa dakika moja."

Alisaini maelezo yake ukurasa kwa ukurasa. Akashtakiwa mchana ule.

Siku mbili baadaye, Inspekta alivuka mji na nakala ya karatasi ile ndani ya bahasha. Mjane wa mlinzi aliishi nyuma ya duka la kushonea nguo, katika chumba chenye cherehani na kitanda. Macho yake hayakuona vizuri tena, akaomba asomewe. Inspekta alisoma akiwa amesimama.

Mama yule hakulia. Alipapasa nguo iliyokuwa chini ya sindano, akaitoa, akaikunja, akaikunjua.

"Kila nilipokwenda kumwona aliniambia, mke wangu, sikufunga," alisema. "Nami nikamwambia, kiri tu, mume wangu, labda watakupunguzia."

Alinyoosha kitambaa juu ya goti kwa kiganja.

"Sikumwamini, mwanangu. Hata siku moja."

Inspekta alivuta kigoda, akaketi karibu naye, akamshikia ncha nyingine ya kitambaa.